Bado mwanga unapita

Swali la kazini mkono wangu unashika nini niliulizwa na mama karanga, yaani mama anayekaanga samaki wa kuuza, Alhamisi usiku, feni inapiga kelele na mimi nimeshika kikombe cha chai ya tangawizi. Wala hakuwa ananitega. Tuko watu saba, wakija wote, tunakutana kwa nyumba ya mmoja wetu huku Bombolulu, tunasoma Biblia pole pole, sura moja kwa wiki na siku zingine hata sura haiishi. Usiku huo tulikuwa Luka 3, pale Yohana Mbatizaji anawakaripia watu mpaka wanaanza kumuuliza, sasa tufanye nini? Na kama unaikumbuka hiyo sura, Yohana hawaambii wafunge siku arobaini. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Watoza ushuru wasitoze zaidi ya walichoamriwa. Askari wasidhulumu mtu, watosheke na mshahara wao. Basi. Mambo ya kazini tupu.

Mama karanga akafunga Biblia yake na kidole ndani akasema, haya, mimi Yohana angenambia mafuta. Tukacheka. Yeye hakucheka. Akasema mafuta anayokaangia samaki anayarudia mpaka yanakuwa meusi kama oili ya gari, na samaki wa jana anawapanga chini, wa leo anawaweka juu, mteja akija anaona wa juu. Akasema, Yohana angenambia mama, mwaga mafuta. Halafu akanigeukia. "Na wewe mwanangu, kazini unafanya nini hasa?"

Nikamwambia kliaring.

"Kliaring najua, watu wa bandarini. Nauliza ukikaa kwa ile meza yako, mkono unashika nini?"

Nikasema nashughulika na makaratasi, na mwenye nyumba akaleta mahamri, na mazungumzo yakapita kwa mwingine. Lakini hiyo usiku sikulala vizuri, manake nilijua mkono wangu unashika nini.

Kwa ambao hawajui hii kazi niwaeleze kidogo. Watu wa kliaring tunawatolea watu mizigo yao forodhani. Mzigo ukifika Kilindini, bandari yetu ya Mombasa, ushuru unahesabiwa kwa bei ya mzigo ukijumlisha nauli ya meli na bima, halafu juu yake inakuja VAT asilimia 16 na ada zingine. Kwa hivo kila kitu kinasimama juu ya karatasi moja, invoisi, ile hati ya bei ya muuzaji. Invoisi ikisema dola 18,000 mteja analia, invoisi ikisema dola 7,000 mteja anatabasamu na ofisi inapata chake. Mimi ndio nilikuwa naichapa ile ya pili. Natoa ile ya kweli, naangalia nembo, naangalia muhuri, naangalia maandishi ni ya aina gani, natengeneza nyingine inayofanana nayo kabisa isipokuwa pale kwa bei. Nilifanya hivo miaka mitatu. Ilifika mahali nilikuwa nazijua fonti za makampuni ya Guangzhou kuliko nilivyozijua Zaburi.

Na miaka hiyo yote mitatu nilikuwa mtu wa kanisa kweli kweli. Naimba besi kwaya, kesha ya mwisho wa mwezi sikosi, zaka natoa bila kukumbushwa. Zaka ya nini? Ya komisheni ya zile invoisi. Sikuwa najiona mnafiki hata kidogo, hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Mnafiki anajua. Mimi nilikuwa na kabati mbili ndani ya kichwa na funguo mbili tofauti na sikuwahi kufungua zote siku moja. Bosi wangu naye alikuwa mzee wa kanisa, si kanisa letu, na Jumatatu asubuhi tulikuwa tunaanza kwa maombi, na yule mtu alikuwa anajua kuomba nyie, mpaka unasikia umeguswa, tukisema amina anachukua faili la juu anakupa.

Kulikuwa na mwenzetu mmoja Mwislamu, meza yake iko karibu na mlango. Yeye invoisi hizo hakuwahi kuzigusa. Niliambiwa siku ya kwanza alipopewa moja alisema hii haramu, mimi sifanyi, nipe kazi nyingine, na bosi akampa kazi nyingine. Yamekwisha. Hakuhubiri mtu, hakugomba, adhana ikilia anatoka anaenda kuswali msikiti wa jirani anarudi anaendelea na kazi. Nimekaa na huyo ndugu miaka mitatu nikila naye viazi karai saa nne, na kumbe siku zote hizo jibu lilikuwa limekaa hatua tano kutoka kwa kiti changu. Na mimi nikijiambia eti hakuna namna, ndio kazi yenyewe ilivyo.

Sasa hebu niwarudishe nyuma kidogo kwa mjomba wangu, manake bila yeye nisingeelewa kile mama karanga alichoniuliza.

Mjomba alikuwa fundi seremala, karakana yake ilikuwa Changamwe, banda la mabati tu. Nilipomaliza darasa la nane hakukuwa na pesa ya sekondari mwaka huo basi nikapelekwa kwake. Nilidhani ntapewa nyundo. Mwezi wa kwanza nilipewa ufagio. Nafagia takataka za randa, nachemsha chai, nashika upande wa pili wa ubao akikata. Naangalia. Mwezi wa pili akanipa randa na kipande cha mvule akasema kinyooshe. Nikanyoosha asubuhi nzima, jasho mpaka machoni, nikampelekea. Hakukigusa hata. Alichukua rula ya chuma akaisimamisha juu ya ubao, akauinua wote usawa wa macho akaangalia mlangoni kwenye jua, akanivuta nije niangalie pale anapoangalia yeye. Chini ya rula, katikati, mstari mwembamba wa mwanga kama uzi.

"Waona?"

"Naona, mjomba."

"Bado mwanga unapita. Rudia."

Nikarudia. Nilirudia ule ubao siku nne. Siku ya tatu nililia, sikatai, nilikuwa mtoto. Na mjomba hakunipiga wala hakunitukana, kila mara anafanya vile vile, rula, jua, njoo uone mwenyewe, rudia. Siku ya nne ubao ulikuwa umekonda hauna kazi tena akautupa kwenye kuni akanipa mwingine.

Kanisani tunapenda sana kusema waumini, washirika, watu wa Mungu. Lakini lile agizo la mwisho la Yesu, Mathayo 28, linasema mataifa wafanywe wanafunzi. Na Antiokia kwenye Matendo 11, ni wanafunzi ndio walioitwa Wakristo, yaani jina la kwanza lilikuwa mwanafunzi, hili la Ukristo watu wa nje waliwabandika baadaye. Sisi sikio letu siku hizi likisikia mwanafunzi linaona yunifomu na mtihani wa KCSE. Ukilisikiliza neno vizuri lakini, utaona fundi amejificha humo, funda, funza, fundisha, mwanafunzi, wote ukoo mmoja. Na Marko 6 watu wa Nazareti wanamwita Yesu seremala. Mimi nikisoma hapo naona banda la mabati la Changamwe. Naona mtu ameshika rula.

Mwanafunzi wa fundi hapimwi kwa vile anavyompenda fundi. Mimi nilimpenda mjomba toka siku ya kwanza na ubao ulikuwa umepinda. Anapimwa kwa kukubali kuletewa ubao wake juani na kuambiwa rudia, na kesho kurudi tena. Luka 9:23 anasema mtu ajitwike msalaba wake kila siku. Mathayo na Marko wana maneno hayo hayo lakini hilo la kila siku ni Luka peke yake ameliweka. Kila siku ndio inayotushinda. Siku moja yenye moto tunaiweza wote.

Na hapa ntasema kitu ambacho kitawaudhi wengine. Siku hizi ukisikia mtu anasema fulani amejitoa kweli kweli kwa Mungu, mimi nauliza kwanza amejitoa kwa nani na nani anaruhusiwa kumwambia rudia. Sisi wa pwani hatuwezi kuongea juu ya kujitoa kama vile Shakahola haikutokea, kule msituni mhubiri alikowafungisha watu. Aprili 2023 nakumbuka nilikuwa kwa matatu ya asubuhi, redio inasoma hesabu ya miili iliyofukuliwa siku hiyo, na gari zima lilinyamaza hata makanga akaacha kupiga debe. Siku iliyofuata hesabu imepanda, na iliyofuata, mpaka ikapita miili 400. Na watoto walikuwa wengi humo. Hao watu hawakuwa vuguvugu. Waliacha kazi, wakauza mali, wakahamia msituni, wakafunga mpaka kufa. Kama kipimo cha uanafunzi ni moto na kujinyima basi wao wametushinda sote, na mtu yeyote mwenye akili anajua hilo haliwezi kuwa kweli. Lililokosekana pale si bidii. Soma Injili uone wanafunzi wa Yesu walivyokuwa wasumbufu, wanauliza, wanabisha, Petro anamvuta pembeni anamkemea, Tomaso anataka kuona makovu, na hakuna aliyefukuzwa kwa kuuliza. Mahali ambapo hamna ruhusa ya kuuliza hapo hapafundishwi mtu, pana kitu kingine.

Na upande wa pili ni hawa wahubiri wetu wa town, wa panda mbegu uvune gari. Hao siwezi kuwamalizia muda. Pale wewe ni mteja, na mteja haambiwi rudia, mteja anaambiwa karibu tena.

Tuendelee. Baada ya ile Alhamisi zilipita wiki tatu nikichapa invoisi kama kawaida, nisiwadanganye. Ila sasa kila nikichapa namwona yule mama na sufuria lake la mafuta meusi. Wiki ya nne ikaja kontena ya vigae, faili likawekwa mezani kwangu, nikalichukua nikaenda nalo mpaka kwa bosi nikamwambia mzee, hii ntaiandikisha kwa bei yake ya kweli, ile nyingine siwezi tena kuichapa. Sauti ilikuwa inatetemeka, nilikuwa nimejiandalia na aya za Biblia zote zikapotea. Bosi akaniangalia kama dakika nzima. Hakukasirika. Akasema kijana, hapa ni kazini, kanisa liko Jumapili. Akampigia mwingine simu aje achukue faili.

Sikufukuzwa. Nilihamishwa tu, nikawa wa kukimbiza karatasi, toka Shimanzi mpaka getini, toka getini mpaka benki, juani na kofia ya kuazima, bila komisheni. Nilikaa hivo miezi saba halafu nikapata kampuni nyingine ndogo, mshahara ni kama nusu ya ule niliouzoea. Mke wangu nilipomweleza siku ya kwanza aliniangalia akasema, "Na hukuweza kuokoka kabla hatujachukua loni?" Tulicheka sana halafu tukanyamaza sana. Tulihama nyumba. Mtoto wa kwanza alitoka shule ya kulipia akaenda ya serikali, na anaendelea vizuri, lakini alilia, na mimi siwezi kusema yale machozi hayakuwa kitu.

Kanisani waliposikia wakataka nitoe ushuhuda. Nikapanda madhabahuni nikasimulia mpaka hapo nilipofika, halafu kukawa na kimya, watu wanangoja ile sehemu ya "na baada ya miezi mitatu Mungu akafungua mlango". Sikuwa nayo. Nikasema basi ndio hayo, nikashuka. Makofi yalikuwa machache kidogo. Mchungaji aliomba Bwana amrudishie mtumishi wake mara mia, na mimi nikasema amina kwa sababu hata mimi mara mia ningeipenda, lakini nilikuwa nafikiria yule Zakayo wa Luka 19 ambaye alisema waliodhulumiwa atawarudishia yeye mara nne. Mimi sijarudisha hata mara moja. Nimepiga hesabu ya kichwa ya ushuru ambao serikali imekosa kwa mikono yangu na ni pesa ambayo sitakuja kuiona maisha yangu yote. Hilo bado linanikaa kooni na sina jawabu nalo.

Kitu kinachonisaidia, cha ajabu, ni foleni ya Kengeleni. Nikitoka town jioni gari linasimama pale muda mrefu na ile kengele ya Freretown iko pale pale kando ya njia, watu tele wanaipita kila siku hawaioni. Freretown ilianzishwa miaka ya 1870 kuwa kijiji cha watu waliotolewa utumwani, na kengele ilipigwa kuwaonya watu wakisikia wakamata watumwa wanakuja. Nikiwa hapo huwa namfikiria William Jones. Huyu alikuwa mtumwa mtoto, akaokolewa baharini, akapelekwa India, huko wakamfundisha kusoma na kazi za mikono, akarudi pwani 1864. Mwaka 1885 alifuatana na Askofu Hannington kwenda Uganda, askofu akauawa Busoga, na Jones ndiye aliyewaongoza waliobaki kurudi kwa miguu mpaka Rabai, kituo cha misheni karibu na Mombasa. Hiyo safari ndiyo watu wanaoisimulia. Mimi napenda zaidi alichokifanya akiwa Rabai kwenyewe, siku za kawaida. Watumwa walikuwa wanatoroka mashamba ya pwani wanakimbilia pale misheni. Kisheria ni mali ya watu, na wakubwa wa misheni waliogopa ugomvi na wenye watumwa. Jones akawapokea. Mmoja, wawili, familia, wakajenga vibanda wakalima, mpaka mwishowe wakawa mamia kwa mamia, na kufika Januari 1889 ikabidi kampuni ya Waingereza iwalipe wenye mashamba fidia ili wale watu wapate karatasi za uhuru. Watu wengi hivo huwapokei kwa siku moja ya moto. Ni mlango kugongwa usiku na kufungua, na kesho kugongwa tena.

Sasa msije mkadhani mimi nimefika. Jumanne hii nilikuwa na faili la mteja, kila kitu sawa, bei ya kweli, karatasi zote, na faili limekaa kwa meza ya mtu siku mbili halisongi. Kila mtu anajua kwa nini halisongi. Mteja anapiga simu kila baada ya nusu saa, demareji, ile faini ya kontena kuchelewa, inahesabu, bosi wangu mpya, ambaye ni mtu mzuri, anauliza kwani kuna nini. Nikakunja mia tano nikaiweka ndani ya faili. Dakika kumi lilikuwa limetoka. Nikanunua maji nikakaa kwa kivuli cha lori nikajiona mjinga, dola elfu kumi na moja nilikataa, mia tano ya Kenya imeniangusha.

Alhamisi nikawaambia. Tumezunguka vitabu vingine miaka miwili tukarudi tena Luka, sijui nani alipendekeza. Nikasema tu, Jumanne nimetoa mia tano getini, na sikuongeza neno. Hakuna aliyesema pole na hakuna aliyeshtuka. Mama karanga alikuwa anajipepea na kanga yake, akasema yeye mafuta aliacha kurudia, lakini juzi bei ya jerikeni ilipanda akarudia siku mbili. "Siku mbili tu," akasema, halafu akasema, "eti tu." Akavuta kiti chake kikasogea upande ili feni inipate na mimi.

"Soma wewe leo," akanambia. "Sura ya tano."

Nikaanza kusoma, Petro na wenzake wanaosha nyavu ziwani, wanamwambia Yesu wamefanya kazi usiku kucha hawakupata kitu, na kabla sijamaliza mstari akanikatiza.

"Usiku kucha na hawakupata? Hiyo naijua. Endelea."